Sentimita Kumi na Saba

Rula ya shule, ile yenye ufa kwenye namba nne,
nimeiingiza ndani ya kasha mara sita leo.
Kumi na saba, yasema. Kumi na saba na nukta,
na hiyo nukta ndiyo itakayonitoa roho.

Fung Lai-kuen, kibanda cha mwisho Mtaa wa Apliu,
kadi za michoro huzipanga kwa urefu:
ndefu zenye feni tatu, mabavu matupu, zakaa mbele;
fupi ziko chini ya meza, kwenye boksi la viatu.
"Hizi vijana hawazitaki," asema,
"wanataka kitu cha kutisha."
Mimi nataka kitu cha kutosha.

Feni moja tu. Bati limepinda ubavuni.
Ilitoka kwa daktari wa meno aliyefunga duka,
na kweli ukiinusa kwa karibu ina harufu ya karafuu.
Nimelipa kwa noti za bahasha nyekundu za Mwaka Mpya,
nilizozikalia tangu Februari.

Chumba chetu, ukinyoosha mikono,
kulia unagusa jiko, kushoto unagusa ndoto za jirani,
maana ukuta ni mbao na Bwana Tsoi huongea usingizini.
Bibi hulala chini, mimi juu,
kompyuta kati yetu, rafu moja na mchele.
Lita saba kasha zima. Sufuria ya harusi inalizidi.

Tumehama mara nne ndani ya miaka mitano.
Kabati la Bibi, la mti wa kafuri, la mahari ya mama yake,
lilikataa kupinda kona ya ngazi ghorofa ya tatu.
Wapagazi wakalishusha, wakaliacha kando ya barabara,
mvua ikamalizia.
Bibi hakusema neno. Alikunja tu nguo zake upya,
zikaingia mifuko minne ya plastiki.
Tangu siku ile chochote nitakachomiliki
sharti kiingie begi la mgongoni.

Basi usiku nimeshika tupa. Milimita tatu zimezidi.
Penye nia pana njia, wanasema;
hawakusema njia yenyewe huchongwa,
unga wa chuma ukidondokea magotini.
"Unasaga nini saa hizi?"
"Nafasi, Bibi."
"Saga nyingi."

Kadi ikaingia kwa kuomba radhi,
waya ukapita mgongoni mwake kama mtu apitaye nyuma ya viti.
Skrubu moja imebaki mkononi. Sijui ilikuwa ya wapi.

Swichi. Kimya.
Halafu feni, uzi mwembamba wa sauti,
na joto likapanda: sitini, sabini, sabini na nne,
likatulia hapo, kama abiria wa kiti cha katikati
aliyeamua kutolalamika.
Hewa ya moto ikatoka kwa nyuma.
Bibi akatundika soksi zake pale pale, bila kuniuliza.

Kwenye kioo, uwanda.
Farasi wangu akaenda robo saa nzima asikute ukuta,
kila jani la nyasi na kivuli chake,
na yote yametoka katika kitu
kinachotoshana na kitabu cha sala.

Bibi amekaa kitako, miwani juu ya paji.
"Nani anaishi kote huko?"
"Hakuna mtu."
"Kodi yake ngapi?"
Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Rudi nyuma," akasema. "Ile nyumba ya mawe."
Nikageuza farasi. Mlango wazi, ndani hamna kitu,
jua la uongo limelala sakafuni.
Bibi akashusha miwani, akasogea mpaka pumzi yake
ikatia ukungu kwenye kioo,
akapima ule ukuta kwa shubiri:
moja, mbili, tatu, hadi pembeni.

"Hapa," akasema, "lingeingia."